Kukatiza, Kukatisha na Kusitisha: Uhakiki wa Tafsiri za Kitenzi ‘Interrupt’

Utangulizi

Maswali yanayofikishwa kwa maafisa wa istilahi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza huhusu maneno makubwa: majina ya mitambo, ya magonjwa na ya dhana za sayansi ambazo lugha yetu haikuwa na haja ya kuzitaja hapo zamani. Maswali haya huulizwa waziwazi, na kwa kuwa muulizaji anajua kwamba hajui, hayana hatari kubwa. Aina ya pili huhusu maneno madogo ya kila siku ambayo kila mfasiri hudhani anayajua. Haya hayaulizwi mpaka hati imekwisha kuchapwa na kusambazwa. Kitenzi cha Kiingereza ‘interrupt’ ni mojawapo ya maneno ya aina hii ya pili.

Tulivutwa kukiandikia baada ya kuletewa, hapa Dodoma, nakala mbili za mwongozo mmoja uliofasiriwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za ardhi vijijini. Wafasiri walikuwa wawili, na kila mmoja alifanya kazi peke yake. Katika nakala ya kwanza, mtu anayestahili kutambuliwa kuwa na haki juu ya shamba alielezwa kuwa ni yule aliyelikalia kwa amani, kwa uwazi na ‘bila ya kusumbuliwa’ kwa miaka isiyopungua 12. Katika nakala ya pili alielezwa kuwa ni yule aliyelikalia kwa amani, kwa uwazi na ‘mfululizo’ kwa muda huo huo. Neno la Kiingereza lilikuwa moja.

Mwalimu aliyetuletea nakala hizo aliuliza swali moja tu. Mzee aliyehama na ng’ombe wake misimu miwili kwa sababu ya njaa, kisha akarudi shambani kwake, je, shamba ni lake au si lake? Kwa nakala ya kwanza ni lake, maana hakuna aliyemsumbua. Kwa nakala ya pili yamkini si lake, maana mfululizo ulivunjika. Hatukuweza kumjibu papo hapo, na makala haya ni jaribio la kumjibu.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu siku hizo kazi ya kusanifu maneno imehusu shule, ofisi na magazeti. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki. Tangu hapo tafsiri ya neno dogo inaweza kumpa mtu shamba au kumnyang’anya.

Maana ya kitenzi chenyewe

Kitenzi ‘interrupt’ kimetokana na Kilatini, na asili yake ni maneno mawili: moja lenye maana ya ‘baina’ au ‘kati’, na jingine lenye maana ya ‘vunja’. Kwa hiyo picha iliyomo ni ya kitu kirefu kinachovunjwa katikati, nacho kina sehemu iliyokwisha kupita na sehemu ambayo bado haijafika.

Tukichunguza jinsi Waingereza wanavyokitumia, tutaona kuwa maana yake ina nguzo nne. Kwanza, pana jambo ambalo tayari linaendelea: mazungumzo, kazi, safari, mkondo wa maji au wa umeme, usingizi. Jambo ambalo halijaanza haliwezi kupatwa na tendo hili. Pili, pana kitu kinachoingia kutoka nje ya jambo lenyewe, kiwe mtu au tukio. Tatu, kuendelea kwa jambo kunavunjika, hata kama ni kwa nukta chache. Nne, na hii ndiyo nguzo inayosahaulika mno, kitenzi hakisemi kwamba jambo limekwisha. Kinaacha mlango wazi. Jambo lililovunjwa linaweza kurejea, na aghalabu msikilizaji hutarajia lirejee, lakini kitenzi hakitoi ahadi.

Kwa nguzo hizo nne kitenzi hiki kinatofautiana na jamaa zake. Kuvuruga ni kuharibu mpangilio wa jambo, na jambo lililovurugwa linaweza kuwa bado linaendelea. Kukomesha ni kumaliza kabisa. Kuahirisha ni kusogeza mbele kwa hiari ya mwenye mamlaka. Kuingilia ni kujitia katika jambo la wengine, na si lazima jambo hilo lisimame. Kusumbua ni kumwondolea mtu utulivu, na mtu anaweza kusumbuliwa siku nzima bila ya kazi yake kusimama hata mara moja. Mfasiri anayetumia mojawapo ya maneno haya mahali pa ‘interrupt’ hana budi kujiuliza ni nguzo ipi anayoiangusha.

Maneno tuliyo nayo

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina neno la dhana hii. Dai hilo si la kweli. Tatizo letu ni wingi wa maneno, na kutokuyapanga.

Katika usemi peke yake, wenyeji wa pwani wana msemo wa kumkata mtu kalima, yaani kumvunjia maneno yake kabla hajayamaliza. Wana pia kudakiza, ambako ni kumkatiza msemaji kwa kumpinga au kumrekebisha, na kudakia, ambako ni kuyarukia maneno ya mwingine kama mtu adakaye mpira. Wana kudukiza, ambako ni kujipenyeza katika mazungumzo usiyoalikwa. Mfasiri wa riwaya au wa tamthilia ambaye kila mara anaandika ‘alimwingilia maneno’ anaacha ghalani nafaka aliyokwisha kuvuniwa.

Nje ya usemi, mzizi mkuu ni kata. Kutokana nao tunapata katika, katisha na katiza, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Wafasiri wengi hutumia katisha na katiza kama neno moja lenye matamshi mawili. Matumizi ya watu, hata hivyo, yanaonyesha tofauti. Tunasema kumkatisha mtu tamaa na kukatisha maisha. Kiongozi akirudi nyumbani kabla ya siku zake, magazeti huandika kwamba amekatisha ziara. Katika mifano yote hii jambo lililokatishwa halitazamiwi kurejea: ziara imefupishwa na imekwisha. Lakini tunasema kumkatiza mtu maneno, kumkatiza usingizi, kukatiza somo. Hapa msemaji anaweza kuendelea, aliyelala anaweza kulala tena, na somo linaweza kurudiwa. Hatudai kwamba kila mzungumzaji hushika tofauti hii kila siku. Tunachosema ni kwamba tofauti ipo katika lugha, ina manufaa, na wafasiri wanaweza kuitia nguvu.

Yafaa pia kuonya juu ya maana ya pili ya katiza, yaani kupita kwa njia ya mkato au kuvuka. Ng’ombe hukatiza barabara, na wanafunzi hukatiza uwanja. Kwa sababu hiyo tafsiri ya neno kwa neno huweza kuchekesha. Vitabu vya jiografia vya Kiingereza hupenda kueleza uwanda wa kati kuwa ni tambarare inayovunjwa hapa na pale na vilima vya mawe, kama vile vinavyoonekana kuuzunguka mji wa Dodoma. Tumeona tafsiri isemayo kwamba ‘uwanda huu hukatizwa na vilima’. Mwanafunzi asomaye sentensi hiyo atafikiri kwamba vilima vinatembea. Kiswahili kingesema tu kwamba ni uwanda wenye vilima vya mawe hapa na pale. Si kila penye ‘interrupt’ pana haja ya kitenzi.

Tena tusidanganyike na mfanano wa sauti. Wako waliotuandikia kwamba katiza ni tafsiri kamili kwa kuwa ndani yake mna ‘kati’, sawasawa na Kilatini. Katiza ni mnyambuliko wa kata. Neno linafaa kwa sababu ya maana linayobeba katika matumizi, na hiyo inatosha.

Shule ya Bunge

Mahali ambapo kukatiza kumewekewa sheria ni Bungeni, na kwa kuwa Bunge linakaa Dodoma, hatukuwa na mwendo mrefu wa kulisikiliza. Humo kila Mbunge ana haki ya kusema bila ya kukatizwa, ila kwa njia zilizowekwa na kanuni. Anayesimama na kutamka ‘kuhusu utaratibu’ hudai kwamba kanuni imevunjwa, na aliyekuwa akisema huketi mpaka jambo liamuliwe. Anayesimama na kusema ‘taarifa’ hutaka kumwongezea msemaji jambo au kumsahihisha. Kisha Kiti humwuliza msemaji kama anaipokea taarifa hiyo, naye huipokea au huikataa, na kuendelea na hotuba yake.

Msomaji ataona kwamba nguzo zote nne zimo: hotuba inayoendelea, mtu anayeingia kutoka nje, mvunjiko na marejeo. Ataona pia kwamba Bunge halikuhitaji neno moja la jumla. Lilichagua maneno yanayotaja sababu ya kukatiza, nayo yamekaa vizuri vinywani mwa watu hata yamehamia mitaani. Leo kijana aliye kijiweni akitaka kumkatiza mwenzake husema ‘taarifa!’, na mwenzake humjibu ‘siipokei’. Istilahi inayochezewa kijiweni imekwisha kupata uraia.

Kinyume chake ni kuzomea na kupiga kelele. Haya nayo huvunja hotuba, lakini Kiswahili hakiyaiti kukatiza. Huyaita kuvuruga, na ni haki, maana lengo lake si kupata nafasi ya kusema bali kumnyima mwingine nafasi hiyo. Mfasiri wa habari za mabunge ya nje azingatie tofauti hiyo. Mbunge wa Uingereza aliyemkatiza waziri kwa swali na yule aliyemzomea hawakufanya kosa moja.

Tatizo la kusitisha

Tukitoka Bungeni kwenda maofisini, tunakutana na neno ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloleta madhara zaidi. Neno hilo ni kusitisha.

Asili yake ni sita, yaani kusimama kidogo kwa shaka, kutokuendelea mara moja. Mtu anayesita hajaacha, bado anafikiri. Kwa hiyo kusitisha, kwa asili, ni kulifanya jambo lisimame kwa muda. Bunge limelishika neno katika maana hiyo: mchana Spika husitisha shughuli mpaka jioni, na jioni huahirisha mpaka kesho. Kusitisha ni kwa saa, kuahirisha ni kwa siku, na Bunge likifikia mwisho wa uhai wake huvunjwa. Ngazi tatu hizi zimepangwa vizuri, na hakuna anayezichanganya.

Lakini katika barua za ofisi neno hili limepoteza ngazi yake. Tunasoma kwamba mkataba umesitishwa, na maana ni kwamba umevunjwa kabisa. Tunasoma kwamba ajira imesitishwa, na mfanyakazi hajui kama arudi mwezi ujao au atafute kazi nyingine. Tunasoma kwamba huduma ya maji imesitishwa kupisha matengenezo, na hapo maana ni kwamba itarudi. Wakati huo huo tunasoma kwamba mapigano yamesitishwa, na kila mtu anaomba Mungu yasirudi. Neno moja limebebeshwa mambo manne yasiyofanana.

Tumeona barua ya ofisi moja, ambayo hatutaitaja, iliyomwarifu mjane kwamba malipo yake ‘yamesitishwa’. Mama huyo aliacha kufuatilia kwa sababu alielewa kwamba yamekoma. Mwandishi wa barua alikusudia kusema kwamba yamesimama mpaka karatasi fulani ipatikane. Kilichokosekana katika barua hiyo ni maneno mawili au matatu: ‘kwa muda’, au ‘mpaka hapo’, au ‘hadi tarehe’. Tunatoa rai kwamba mtumishi wa umma asiandike kusitisha bila ya kutaja mpaka wake. Ikiwa hakuna mpaka, basi neno lake si kusitisha. Na aandike kukomesha, kuvunja au kufuta, ili msomaji ajue amesimama wapi.

Kwa kipimo hicho hicho tunaweza kusahihisha hata historia. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ambao kitovu chake kilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma, uliachwa mwaka 1951. Baadhi ya maandiko husema kwamba mpango huo ‘ulikatizwa’ na ukame na ubovu wa mitambo. Ukame uliukatiza, naam, kila msimu. Lakini kilichotokea mwaka 1951 hakikuwa kukatizwa. Serikali ya Uingereza iliukomesha. Mwandishi anayetumia neno la kwanza mahali pa la pili humwondolea mwenye uamuzi jukumu lake na kulitwika jua.

Kukatika na kukatikiwa

Hapo tumegusa suala la mtendaji. Kiingereza kikisema kwamba huduma imekuwa ‘interrupted’, kinaweza kumficha aliyefanya tendo, lakini kitenzi bado kinadokeza kwamba pana kitu kilichoingia. Kiswahili kina njia mbili: kukatizwa, ambako kunadai mtendaji, na kukatika, ambako hakumdai.

Umeme ukipotea, watu husema umekatika. Hakuna anayesema umekatizwa, isipokuwa anajua nani kaukata na kwa nini. Tofauti hii ni mali kubwa. Mafuriko yalipoharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, ilikuwa sawa kusema kwamba mawasiliano ya reli yamekatika, maana maji hayana barua ya uteuzi. Bali ofisi inapozima mtambo kwa makusudi, tangazo lisemalo kwamba umeme ‘utakatika’ kuanzia saa 3 asubuhi linasema jambo ambalo si kweli. Umeme huo utakatwa, na atakayeukata ndiye anayeandika tangazo. Uungwana wa lugha ni kukiri tendo.

Wakulima wa uwanda huu wana shida ya namna nyingine. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, huanza kiasi cha Desemba na kwisha kiasi cha Aprili, na mara nyingi hupitiwa na kipindi cha ukavu katikati, aghalabu mwezi Februari. Mkulima husema ‘mvua imekatika’ kwa ukavu wa Februari, na husema hivyo hivyo kwa mwisho wa msimu. Jirani yake humwelewa kwa kutazama mbingu na mtama. Lakini anayefasiri taarifa ya hali ya hewa kutoka Kiingereza haonekani akitazama mbingu. Akiandika ‘mvua zitakatika’ bila ya kuongeza ‘kwa muda’, mkulima anaweza kuacha kupalilia uwele ambao ungeokoka. Hapa tena ni ile nguzo ya nne iliyoanguka.

Kuhusu matibabu, tunapenda kusifu mnyambuliko mmoja usiotumiwa vya kutosha. Mgonjwa wa kifua kikuu hutakiwa kumeza dawa kwa miezi 6 au zaidi, na miongozo ya kimataifa humhesabu aliyekaa miezi 2 mfululizo bila ya dawa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Vituo vingi vya afya vilizoea kumwita mtu huyo ‘mtoro’. Neno hilo limeazimwa kutoka shuleni, na linamtia mgonjwa hatiani kabla hajaulizwa. Kiswahili kinaweza kupambanua. Aliyeacha kwa hiari yake amekatiza matibabu. Aliyefika kituoni akakuta dawa hazipo, au mto umejaa akashindwa kuvuka, amekatikiwa na matibabu. Watu husema kila siku kwamba wamekatikiwa na umeme au na maji. Kwa nini fomu za afya zisiseme hivyo? Kiingereza hakina njia fupi ya kufanya upambanuzi huo, nasi hatuna sababu ya kuuacha eti kwa kuwa haumo katika matini tunayoifasiri.

Turudi shambani

Sasa tunaweza kumjibu mwalimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inapoeleza ukaliaji wa ardhi unaoweza kutambuliwa, inataja sifa tatu pamoja: uwe wa amani, uwe wa wazi, na uwe ‘uninterrupted’ kwa miaka isiyopungua 12. Sheria haiweki maneno matatu kwa pambo. Kila moja lina kazi yake.

Tafsiri ya ‘bila ya kusumbuliwa’ ina kosa la wazi. Kutokusumbuliwa kumekwisha kusemwa katika ‘kwa amani’. Mfasiri huyo amesema jambo moja mara mbili na kuiacha sifa ya tatu bila ya neno. Kwa tafsiri yake, mtu aliyekwenda zake miaka 5, akarudi bila ya kugombana na yeyote, angehesabiwa kuwa ametimiza miaka yote.

Tafsiri ya ‘mfululizo’ ni bora, lakini nayo ina kasoro. Mfululizo hutazama pengo peke yake. Siku zinazofuatana ni mfululizo, na siku ikikosekana mfululizo umevunjika, bila ya kujali sababu. Neno la Kiingereza halikazi hivyo. Linaweza kumaanisha kwamba hapakuwa na pengo, na linaweza kumaanisha kwamba hapakuwa na mtu aliyeingia kati na kuuvunja ukaliaji, kama vile mdai aliyemtoa mkaaji na kulishika shamba. Ni ipi kati ya maana hizo itakayotawala katika shauri fulani, hilo ni la kuamuliwa na wenye mamlaka ya kuamua. Kazi ya mfasiri si kuwaamulia kabla hawajaketi.

‘Bila ya kukatizwa’ nako huamua mapema, ila kwa upande wa pili, kwa kuwa kunadai mtendaji. Kwa hiyo tunaona kwamba neno linalofaa ni lile lisilomtaja mtendaji wala kumkana, yaani kukatika. Tunapendekeza: ‘aliyeikalia ardhi kwa amani, kwa uwazi na bila ya ukaliaji wake kukatika kwa miaka isiyopungua 12’. Tumeandika ‘kwa miaka’ na si ‘katika miaka’ kwa makusudi, ili kitenzi katika na kihusishi katika visigongane katika sentensi moja.

Kwa tafsiri hii, mzee aliyehama na ng’ombe wake atakuwa na nafasi ya kusikilizwa. Kamati itamwuliza: uliacha nani shambani? Nyumba yako ilibaki? Jirani walilihesabu kuwa shamba la nani? Kisha itaamua kama kwenda kwake kulikata ukaliaji wake au hakukuukata. Nakala ya kwanza ingempa shamba bila ya kumwuliza, na nakala ya pili ingemnyima bila ya kumwuliza. Tafsiri njema humrudisha mzee mbele ya watu wenye kumwuliza.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo. Tuwakumbushe kwamba katika mkoa huu kuhama si habari ya kitabuni. Watu walihamishwa kwa wingi kuingia vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sheria hiyo hiyo ya mwaka 1999 ililazimika kutaja ugawaji wa ardhi uliofanywa baina ya mwaka 1970 na mwaka 1977, ikauthibitisha kuwa halali na kuzifuta haki za zamani juu ya ardhi hizo. Tazama uangalifu wa sheria: haikusema kwamba haki za zamani zimekatizwa, ambalo lingeacha mlango wazi, bali ilizikomesha. Aliyeandika sheria alijua tofauti. Anayeifasiri hana budi kuijua pia.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma:

1. Kumvunjia mtu maneno yake: kumkatiza, au kumkata kalima. Akivunjiwa kwa kupingwa, kudakiza. Akivunjiwa kwa kelele, kuvuruga.

2. Kuvunja jambo linaloendelea, marejeo yakiwa yanawezekana: kukatiza.

3. Kulifupisha jambo lisiendelee tena: kukatisha.

4. Kulisimamisha jambo kwa amri na kwa muda maalumu: kusitisha, na muda au sharti la kurejea litajwe daima.

5. Kulimaliza jambo kabisa: kukomesha, kuvunja, kufuta, kwa kadiri ya jambo lenyewe. Kusitisha kusitumiwe hapa.

6. Jambo kuvunjika bila ya kutaja mtendaji: kukatika. Mtu anayepatwa na mvunjiko huo: kukatikiwa.

7. Sifa ya kutokuvunjika katika sheria: -siokatika, au ‘bila ya kukatika’. Katika maelezo ya kawaida yasiyo ya sheria, ‘mfululizo’ litumike bila ya shaka.

8. Jina la tendo: ukatizaji. Jina la tukio lenyewe: mkatizo.

Hatudai kwamba orodha hii ni kamili. Pendekezo la 8 hasa linahitaji kupimwa, maana jina mkatizo bado ni geni masikioni. Walimu watusaidie kulijaribu darasani na kutuarifu kama wanafunzi wanalielewa bila ya kuelezwa.

Hitimisho

Mtu akiingia ofisini hapa Dodoma huku kazi ikiendelea, akapiga hodi na kusalimu ‘mbukwa’, kazi husimama. Kalamu huwekwa chini, salamu huitikiwa, mgeni hukaribishwa kiti. Mgeni wa Kiingereza angeomba radhi kwa kutukatiza kazi. Sisi hatukuhesabu kuwa tumekatizwa, maana kwetu kumwitikia mtu ni sehemu ya kazi. Kwa hiyo kabla ya kufasiri sentensi ya namna hiyo, mfasiri ajiulize pia kama jambo lenyewe, kwa mila za wasomaji wake, limevunjika kweli.

Mwalimu aliyetuletea nakala mbili tumempelekea jibu hili. Ametuandikia kwamba ameibandika sentensi yetu juu ya zile mbili za zamani, na kwamba anangoja kamati ikutane. Nasi tunangoja barua za wasomaji, hasa za wale watakaopinga.